RNA Kinyume katika Kirusi cha Bakteria: Suala la Istilahi

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa jinsi inavyomwelekeza mwanafunzi kwenye dhana yenyewe. Mfano mzuri ni kirusi kiitwacho lambda, ambacho hushambulia bakteria aitwaye Escherichia coli.

Kikishaingia katika seli, lambda hufuata moja ya njia mbili: huzaliana na kuipasua seli, au hujipachika katika DNA ya bakteria na kutulia. Protini CII huelekeza njia ya pili. Hata hivyo, kirusi hicho hicho hutengeneza RNA fupi, yenye nyukliotidi 77 tu, iitwayo OOP. RNA hiyo hunakiliwa kutoka uzi wa DNA ulio mkabala na ule unaotoa ujumbe wa cII, tena kwa mwelekeo wa kinyume. Kwa hiyo huoana na sehemu ya mwisho ya ujumbe huo, adenini kwa urasili na guanini kwa sitosini. Zikishashikamana, kimeng'enya cha bakteria, ribonukliesi III, huzikata. CII hupungua, na uwezekano wa kutulia nao hupungua.

Kuiita RNA hii "isiyo na maana" ni kupotosha, kwani huashiria kuwa haina kazi. "RNA zuizi" nayo hutaja matokeo na kuacha sababu. "RNA kinyume" inafaa zaidi, kwa kuwa hutaja mwelekeo wa kunakiliwa, ambao ndio asili ya mshikamano. Hivyo basi, mwundaji istilahi hana budi kuanzia kwenye utendaji wa kitu, si kwenye jina lake la kigeni.