Je, Watu wa Goma Walitenda Dhambi Gani?

Somo: Luka 13:1–5



Mji wa Goma, katika nchi ya Kongo, umekaa kando ya Ziwa Kivu, na juu yake umesimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470. Huo ni mlima wa moto, yaani volkano. Kileleni mna shimo kubwa, na kwa miaka mingi shimo hilo limekuwa na ziwa la mawe yaliyoyeyuka, yakitokota mchana na usiku. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lile likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Mawe ya Nyiragongo yakiyeyuka si mazito kama ya milima mingine. Hutiririka kama uji mwepesi, na siku ile wengi hawakuweza kuyakimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka tena, ukapita katikati ya mji hata ziwani. Watu zaidi ya laki moja wakakosa makao, na wengi sana wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka mara nyingine, na moto ukasimama karibu na uwanja wa ndege.

Kila utokeapo msiba kama huo, hakosi mhubiri wa kusema, “Mungu amewaadhibu kwa dhambi zao.” Maneno hayo ni mepesi kwa mtu aliye mbali, ambaye paa lake halijaungua. Bwana wetu naye aliulizwa habari kama hizo, na mwenyewe akataja mnara wa Siloamu, ulioangukia watu kumi na wanane. Je, hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu? Alikataa waziwazi. Kisha akawageukia waliokuwa wakisikiliza, akawaambia watubu wao. Nataka tukumbuke mpango huo wa maneno yake: waliokufa hakuwashitaki, bali waliosimama wakitazama ndio waliopewa kazi ya kujichunguza.

Basi, ikiwa si adhabu, ni nini? Dunia hii si tufe moja gumu. Ganda lake la juu limegawanyika vipande vikubwa, na vipande hivyo vinasogea polepole juu ya miamba ya chini yenye joto kali mno. Afrika yetu inavutwa ikiachana, milimita chache kila mwaka, na Bonde la Ufa ndipo mahali pa kuachana. Mkono mmoja wa bonde hilo wapita kwetu, Turkana, Nakuru na Magadi. Mkono wa pili wapita upande wa magharibi, kwenye Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu. Ganda likivutwa huwa jembamba, na miamba ya moto huinuka. Ikiinuka, uzito wa kuigandamiza hupungua, nayo huanza kuyeyuka. Kisha hutafuta ufa wa kutokea.

Tetemeko nalo lina asili iyo hiyo. Umewahi kusukuma mlango uliovimba kwa mvua? Unasukuma na kusukuma, haujongei. Mara unafunguka kwa ghafula nawe unajikuta ndani ya nyumba. Miamba hufanya vivyo hivyo. Hushikana kwa miaka, huku nguvu zikilimbikizwa, kisha huteleza kwa dakika moja, na mtikiso huo ndio tunaouita tetemeko la nchi. Sisi wa Kenya tusidhani tumesamehewa. Tarehe 6 Januari 1928, siku ya Epifania, Subukia ilipatwa na tetemeko la kipimo cha 6.9, na nchi ikapasuka ufa mrefu kwa kilometa nyingi. Wakati huo nyumba zilizokuwako zilikuwa nyingi za miti, udongo na nyasi. Leo kuna nini Nakuru na Nyahururu? Ghorofa juu ya ghorofa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa maana mara nyingi tetemeko lenyewe haliui mtu. Nyumba ndiyo inayoua. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la kipimo cha 7.0 lilipiga Haiti. Watu zaidi ya laki moja wakafa, na kanisa kuu la Ushirika wetu wa Kianglikana mjini Port-au-Prince likabomoka pamoja na michoro yake mashuhuri ukutani. (Mwenye kusema ni adhabu ya wasioamini, na aeleze hilo.) Tarehe 27 Februari mwaka ule ule tetemeko la kipimo cha 8.8 lilipiga Chile, nalo lilitoa nguvu kama mara 500 kuliko lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa mia tano na kitu. Ni kweli kwamba la Haiti lilikuwa karibu sana na mji mkuu. Lakini Chile walikuwa wamekwisha kufundishwa na mateso yao ya zamani, wakaweka sheria za ujenzi na kuzifuata. Haiti, nchi maskini, saruji ilikuwa haba ndani ya kuta, na chuma chembamba.

Na sisi hatungoji hata tetemeko. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, huko Huruma, Nairobi, ghorofa moja iliangushwa na mvua tu, wakafa watu zaidi ya 50. Huo ndio mnara wetu wa Siloamu. Wapangaji wale hawakuwa wenye dhambi kuliko wenye nyumba wa mitaa mingine. Ukitaka kutafuta dhambi, itafute katika mchanga uliozidi saruji, na katika bahasha iliyopewa mkaguzi ili asipande ngazi. Wenye kutoa bahasha hizo wengine ni watu wa makanisa yetu, na sadaka yao ya shukrani tunaipokea kwa makofi.

Huko Goma vilevile. Kabla ya mwaka 2021 kituo cha kuuchunguza mlima kilikuwa kimepungukiwa fedha. Wataalamu walisema baadaye kwamba hata hivyo dalili za mara ile zilikuwa za muda usiofika saa moja. Basi saa moja ni ya kutumiwa na mtu anayejua tangu zamani barabara ya kukimbilia, na ya kupotezwa na asiyejua.

Kuna hatari nyingine huko, ya kimya, ambayo wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa dunia nzima wameliazima neno hilo la Kiswahili. Ni hewa ile ile tunayoitoa puani tunapopumua, lakini hapa yatoka ardhini kwa wingi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa mabondeni, hasa alfajiri kabla ya upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita, lakini mbuzi anayeinama, au mtoto anayeshuka kuchota maji, huanguka bila kelele. Wengine wamedhani ni pepo wabaya. Sasa niambieni, ni nani aliyempenda mtoto yule zaidi: aliyekemea pepo juu ya kaburi lake, au aliyemfundisha mapema asishuke shimoni asubuhi?

Wengine watauliza kwa nini watu hawaondoki. Wengi walifika hapo wakikimbia vita. Tena udongo wa volkano hustawisha maharagwe kuliko udongo mwingine. Sisi tusiwacheke, maana Mlima Kenya nao ulikuwa mlima wa moto zamani, na kahawa na chai za miteremko yake zamea juu ya majivu hayo. Olkaria mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wetu yatoka katika joto hilo. Huenda redio unayoisikiliza sasa yaendeshwa nalo.

Marafiki wa Ayubu, walipomjia, waliketi naye chini siku saba pasipo kunena. Waliharibu walipoanza kueleza. Jirani akikujia kutoka penye msiba, mpe maji, mpe mahali pa kulala. Na ninyi wazee wa kanisa mnaojenga jumba la ibada mwaka huu, mwiteni mhandisi azitazame nguzo kabla paa halijapandishwa, na akisema bomoa, bomoeni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma Ayubu sura ya pili. Kaeni salama.