Kufuli la Wazi na Kufuli la Siri

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

Hatukuja na hotuba ndefu. Tumekuja na kisa kimoja cha muziki, lakini tutaanzia kwa sanduku la akiba.

Sanduku lile sote tunalijua. Lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu mbalimbali. Je, kuna anayenung'unika? Hakuna. Tulikubaliana wote na kila mtu anayaona. Hilo ndilo kufuli la wazi. Sasa tuangalie kufuli la siri, na vile lilivyowaumiza watu huko Marekani mwaka wa 2005.

Kwanza tuseme ukweli. Mwimbaji ni mfanyakazi kama mkulima. Mtu akinakili kazi yake na kuiuza barabarani, ameingia shamba la mwenyewe akavuna. Kwa hivyo kampuni za muziki zilikuwa na haki ya kujikinga. Ubaya ulikuwa kwa namna walivyojikinga.

Kampuni ya Sony BMG iliuza diski za muziki, zile tunazoita sidii, zikiwa na programu ya kompyuta ndani yake. Ukiicheza diski kwa redio ya kawaida, hakuna neno. Lakini ukiitia kwa kompyuta ya Windows, yalitokea masharti marefu. Ukikubali, programu iliingia, ikakuruhusu kutoa nakala tatu tu. Mpaka hapo pengine si neno. Shida ni kwamba iliingia pamoja na kitu kilichojificha, na mnunuzi hakuambiwa. Kazi yake ilikuwa kuficha kila faili ambalo jina lake lilianza kwa alama fulani, hata mwenye kompyuta asilione. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 31 Oktoba 2005, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Mark Russinovich alitangaza kwamba amekikuta kitu hicho kwa kompyuta yake mwenyewe. Kilitoka kwa diski aliyoinunua kihalali. Alipokiondoa kwa mkono, kompyuta ikaacha kutambua mahali pa kutilia diski. Siku chache baadaye mambo yakazidi. Waharibifu walitunga virusi vyenye alama ile ile, vikajificha chini ya blanketi la kampuni. Kampuni ikatoa dawa ya kuondoa programu, na dawa hiyo nayo ikaacha mlango mwingine wazi.

Kulikuwa pia na kufuli la pili kwa diski nyingine za kampuni hiyo, lililoitwa MediaMax. Hilo liliacha mafaili ndani ya kompyuta hata kama mtu amekataa masharti. Umesema hapana, na bado mgeni ameingia nyumbani!

Hebu tujiulize, nani aliumia? Ni mwizi? La. Aliyechukua nyimbo za bure kwa intaneti hakuguswa. Tena tangu 2003 John Halderman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa ameonyesha kwamba MediaMax inashindwa na kitufe kimoja tu cha kompyuta, ukikishikilia unapotia diski. Aliyeumia ni yule mwaminifu aliyekwenda dukani akatoa pesa yake. Hata waimbaji waliumia, maana katikati ya Novemba diski za kufuli lile la kwanza ziliondolewa madukani, na Krismasi iko karibu.

Wasikilizaji hawakunyamaza. Walikwenda kortini, na jimbo la Texas nalo likashtaki mwezi huo huo. Mei 2006 korti ya New York ilipitisha mapatano ya wanunuzi kubadilishiwa diski. Januari 2007 kampuni ilikubaliana na tume ya serikali inayosimamia biashara kwamba itawalipa hadi dola 150 watu ambao kompyuta zao ziliharibika walipojaribu kuondoa programu ile. Mtu mmoja asingeweza hayo. Wengi wakishikana, mkubwa husikia.

Basi sisi tunajifunza nini?

Kwanza, kufuli lijulikane. Sheria ya kikundi isomwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, kabla hajatia sahihi au kidole gumba. Sheria ikijificha kwa karatasi ndefu, inakuwa mtego.

Pili, tusimwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi. Pesa ikipotea, ni rahisi kuwawekea wote masharti magumu. Lakini mwizi atatafuta kitufe chake, na aliyebaki na mzigo ni mama anayeleta shilingi zake kila wiki.

Tatu, tusibonyeze "nakubali" bila kuuliza. Siku hizi mkopo unapatikana kwa simu. Programu ikiomba kusoma majina yote yaliyo kwa simu yako, simama kidogo. Majina hayo si yako peke yako, ni ya majirani. Muulize kijana anayejua, au lete jambo hilo kwa kikundi.

Nne, tununue kazi halali. Kwaya yetu ikirekodi nyimbo, tungependa walipwe. Na wengine tuwatendee vivyo hivyo.

Kufuli si kosa, ndugu zangu. Hata nyumba ya maombi hufungwa usiku. Lakini anayeweka kufuli kwa mlango wako, akuambie, na akuonyeshe ufunguo uko wapi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Je, kila mwanachama anaweza kueleza sheria zetu bila kusoma?
2. Kuna sheria yetu yoyote inayoumiza waaminifu kuliko wakosaji?
3. Ni nani kati yetu aliyewahi kukubali masharti asiyoyaelewa? Ilikuwaje?