Jioni ya Pipi: Mtu wa Tabora na Wabisha Hodi wa Oktoba 31

Oktoba ikifika katikati, Watanzania waliohamia Marekani huanza kuulizana swali lilelile: jioni ya tarehe 31, watoto wa watu wakija kugonga mlango wamevaa mifupa na meno ya popo, mtu afungue, au azime taa alale? Kwa aliyetoka Tabora jibu ni kufungua. Yako mambo yatakayomshangaza, na liko moja litakalomuudhi. Hilo moja linastahili muda mrefu kuliko mengine.

Kupokea watu asiowajua hakumsumbui. Mji wake umeishi kwa kazi hiyo. Novemba 1857, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hoi kutoka pwani, mfanyabiashara Snay bin Amir ndiye aliyewapokea na kuwatunza. Livingstone alikaa miezi kadhaa kwenye tembe la Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Na siku ya Idi watoto wa mjini huvaa nguo mpya wakapita kwa majirani kudai sikukuu, wanarudi na sarafu zinalialia mfukoni. Waswahili walioko Muscat wanaujua usiku wa Qaranqasho, katikati ya Ramadhani, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa pipi na karanga. Kwa hiyo mtoto kuja mlangoni kuomba kitamu si ajabu.

Ajabu ni kwamba haingii ndani.

Tabora mtoto akibisha hodi hukaribishwa, akaulizwa ni wa nani, mama hajambo, ameshakula? Marekani hakuna hata swali moja kati ya hayo. Mtoto anasimama kizingitini, anakuambia utoe kitu la sivyo atakufanyia visa, anafungua mfuko, anashukuru, anaondoka. Dada mmoja wa Isevya, Tabora, Oktoba yake ya kwanza huko Marekani, alisogea pembeni akawaonyesha wageni kochi. Kitoto kilichovaa nguo ya nyuki kikaanza kuvua viatu. Baba yake, aliyekuwa akisubiri barabarani na tochi, akapanda ngazi mbilimbili. Halafu akaliona sinia mezani: karanga za kukaanga na chumvi, kama zile zinazouzwa kwenye vikaratasi stendi ya Tabora. Hapo ndipo uso ulipombadilika hasa.

Karanga ni jambo zito kule. Kuna watoto ambao punje moja inatosha kuwavimbisha koo wakashindwa kupumua, na shule nyingi zina masharti makali juu yake. Mwaka 2014 shirika la FARE, linaloshughulikia mizio ya chakula, lilieneza nchi nzima desturi ya kuweka boga lililopakwa rangi ya bluu-kijani nje ya nyumba, ishara kwamba hapo pana zawadi zisizoliwa: penseli, vibandiko, vigari vidogo. Ni desturi nzuri sana na haina gharama kubwa.

Chakula cha kupika nyumbani nacho hakipokelewi, hata visheti viwe vitamu namna gani. Wazazi wanaogopa sumu. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1974, pale Ronald O'Bryan wa Texas alipomuua mwanawe mwenyewe kwa pipi yenye sianidi ili apate fedha za bima. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, alichunguza habari za aina hiyo kuanzia mwaka 1958, wala hakuthibitisha hata mtoto mmoja aliyeuawa na pipi ya mtu baki. Watu wameogopa jirani wakati aliyeua alikuwa baba. Lakini hofu ndiyo imeshakaa, na mgeni hana haja ya kushindana nayo. Anunue za pakiti.

Des Moines, jimbo la Iowa, ambako Kiswahili sasa kinasikika kwa sababu ya Wakongo na Warundi waliopitia makambi ya Kigoma, mambo yana ladha zaidi. Tangu mwaka 1938, mji ulipotafuta njia ya kuwatuliza vijana waliokuwa wakiharibu mali za watu usiku huo, mtoto hutakiwa kutoa kichekesho au kitendawili ndipo apewe pipi. Mnyamwezi hapo yuko kwao. Utani wake na Mzaramo ulikomazwa na safari za wapagazi kwenda na kurudi pwani, na mtani hata msibani huingia akachukua kitu cha wenyewe, watu wakacheka.

Sasa fedha. Chama cha wauza rejareja cha Marekani kilikadiria kwamba mwaka 2023 watu wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hii, na bilioni 3.6 kati ya hizo ni pipi tupu. Mtu anasoma takwimu hiyo huku simu ina ujumbe wa mama yake aliyeko Kaliua: mvua za Novemba ziko mlangoni na bati la jikoni limetoboka. Bati litangulie. Pakiti mbili za pipi zinatosha, na anayemaliza mapema anazima taa bila kuona haya.

Kinachoudhi ni sanamu la bibi kizee mchawi. Jirani anamtundika barazani, mgongo umepinda, nguo nyeusi, balbu nyekundu ndiyo macho. Watoto wanamcheka. Anayetoka Unyamwezi au Usukuma hawezi kumcheka, maana anajua bibi wa kweli waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, wekundu ulioletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, kuni zikiwa haba na moto ukiwashwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mauaji ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka. Wamarekani nao waliwanyonga watu 19 kule Salem mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi, lakini zaidi ya miaka 300 imepita. Tabora bado wako waliomzika shangazi. Kwa hiyo mtoto aliyevaa kofia ya mchawi apewe pipi yake kama wenzake, hana kosa. Ila bibi wa macho mekundu asitundikwe kwenye nyumba ya mtu wa Tabora, na watoto waliozaliwa huko waambiwe sababu yake wazi.

Mengine ni ya harakaharaka. Taa ya nje ikiwaka maana yake karibuni. Ikizimwa watapita, na hakuna atakayenuna, hivyo Mmoravian au Mwislamu asiyetaka kushiriki hana ugomvi na mtu. Saa hutangazwa na mji, mara nyingi kumi na mbili jioni hadi mbili usiku, na miji mingine hubadilisha hata tarehe. Mbwa afungiwe. Majani makavu yafagiliwe ngazini, yakilowa yanateleza. Pipi moja au mbili kwa mtoto, mwenyeji akizigawa mwenyewe, la sivyo bakuli litaisha kwa wavulana watatu wa kwanza. Anayeendesha gari aende polepole. Na kuanzia Novemba 1 pipi zilizobaki madukani hushushwa bei, hapo ndipo anayesafiri nyumbani Desemba anunue za kuwapelekea watoto.