Kila Kiungo na Saa Yake: Mhadhara juu ya Neoteni ya Binadamu

Neoteni ni hali ya kiumbe kufikia utu uzima na kuanza kuzaa huku akiwa bado na baadhi ya maumbile ya utotoni, na mfano wake mashuhuri ni aksolotli, salamanda wa Xochimilco nchini Mexico, ambaye huzaa na kuzeeka majini akiwa na matamvua, yaani viungo vya kupumulia ambavyo salamanda wengi huviacha wanapohamia nchi kavu. Kwamba binadamu naye ana kitu cha namna hiyo ni jambo lililokubalika kwa sehemu kubwa. Linalopaswa kukataliwa, kwa kuwa lingali likirudiwa katika vitabu vya watu wa kawaida, ni dai la Louis Bolk, mwanaanatomia wa Amsterdam, aliyewaeleza wenzake huko Freiburg mwaka 1926 kwamba umbo la binadamu kwa jumla ni la kijusi cha nyani mkubwa kilichokomaa bila kubadilika, kwa sababu homoni zilichelewesha ukuaji wake wote.

Mvuto wa dai hilo uko machoni. Fuvu la mtoto wa sokwe lina paji la mviringo, uso bapa na taya dogo, na matuta ya juu ya macho bado hayajajitokeza. Mhadhiri anayewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nakala za plasta zisizo na majina huwaona, mwaka baada ya mwaka, wakiliweka fuvu hilo kando ya la mtu na kulitenga lile la sokwe mzima. Hata hivyo mtu si fuvu peke yake. Kichanga huzaliwa na miguu mifupi, ambayo baadaye hukua kwa kasi kuliko kiwiliwili mpaka ikamwezesha mtu mzima kutembea mwendo mrefu, na pua iliyochomoza pamoja na kidevu kilichojitokeza ni maumbile yanayozidi kadiri umri unavyosonga. Lau ukuaji wote ungalicheleweshwa kwa pamoja, hayo yote yasingalitokea.

Lipo kosa zito zaidi. Bolk aliyapanga mataifa ya watu kwa kipimo cha utoto wa maumbile na kuwaweka watu weupe juu. Kabla yake, wafuasi wa nadharia ya Ernst Haeckel, iliyosema kwamba kiumbe anapokua hupitia hatua za mababu zake, walikuwa wamewaita Waafrika watoto ili kuwaweka chini. Mwanapaleontolojia Stephen Jay Gould aliuanika mgongano huo katika kitabu chake cha mwaka 1977, naye anastahili shukrani za kila msomi wa bara hili: utoto ulipohesabiwa kuwa upungufu alipewa Mwafrika, ulipogeuka kuwa sifa akanyang'anywa. Nadharia mbili zinazopingana zikifika kwenye hukumu ileile, ni dhahiri kwamba hukumu ilitangulia ushahidi.

Ushahidi bora wa namna neoteni inavyofanya kazi umo katika maziwa. Mamalia anapoachishwa ziwa, utumbo wake hupunguza laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi, na ndivyo ilivyo kwa watu wazima wengi duniani. Wengine hubaki nacho maisha yote. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, ambao kila mwanafunzi wa baiolojia wa Afrika Mashariki angepaswa kuusoma neno kwa neno, uliwahusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan: mshiriki alikunywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kisha sukari ya damu yake ikapimwa kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa nzima, kwa maana sukari hiyo hupanda pale tu laktosi inapovunjwa. Jeni za watu hao zilionyesha mabadiliko yaliyoenea katika miaka 7,000 hivi iliyopita, pamoja na ufugaji, na yaliyo tofauti na yale ya Ulaya. Hapo tabia moja ya uchangani imehifadhiwa hadi utu uzima kwa badiliko la herufi moja ya DNA, wala mifupa, ngozi na meno havikuguswa.

Kwa hiyo mwili una saa nyingi, na kila moja huweza kucheleweshwa au kuharakishwa peke yake. Pamoja na tahadhari zote hizo, mhadhara huu unashikilia kwamba ipo saa moja iliyo na uzito kuliko nyingine, nayo ni ya ubongo. Ubongo wa sokwe anayezaliwa umefikia takriban asilimia 40 ya ukubwa wake wa mwisho, ilhali wa binadamu haufiki asilimia 30, na utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika gamba la mbele la ubongo wa binadamu lipo kundi la jeni linalofuata ratiba iliyochelewa kuliko ya sokwe. Ni baadhi ya jeni tu, si zote, na Bolk hapati msaada wowote hapo. Lakini zinatosha kumpa mtoto wa binadamu miaka mingi ya kufundishwa na watu wengi zaidi ya mama yake.