WAYA WA RESI WA GARI LETU: MANENO TULIYOSEMA GHALANI

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji,

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano hapo ghalani. Tumeyaandika ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shamba siku ile, na kwa vijana wanaojifunza kazi ya gari. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Mkutano wa kwanza ulitutuma sisi wa kikundi cha karakana kazi mbili. Ya kwanza ni kuangalia kwa nini gari la ushirika linakula dizeli kupita zamani. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kusema kama ni kweli dereva wetu anauza mafuta njiani, kama ilivyokuwa ikisemwa kisimani na kilabuni. Leo tunajibu yote mawili. Jibu ni moja, nalo ni waya mwembamba usiofika unene wa penseli.

Kwanza tuelewane gari lenyewe. Letu ni Land Cruiser pikapu ya zamani, yenye injini ya 1HZ. Ni injini ya dizeli, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa moto sana, kisha dizeli inapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Basi dereva akikanyaga pedeli ya mafuta anaagiza dizeli zaidi. Pedeli inavuta waya, waya unavuta mkono mdogo ulio juu ya pampu ya dizeli, na pampu inapeleka mafuta kwa kadiri mkono ulivyovutwa. Akiachia, springi inaurudisha mkono mahali pake. Hapo kuna skrubu ndogo inayouzuia, na injini inatulia kwenye mzunguko wa chini. Injini nyingi za namna hii hutulia kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika.

Sasa waya. Wenye baiskeli za breki za waya wanaujua tayari. Kuna ganda la nje na kuna waya wa ndani. Ganda limeshikwa huku na huku, halisogei. Waya wa ndani ndio unaokwenda na kurudi. Kinachofanya kazi ni ile sehemu ya waya inayobaki nje ya ganda. Ganda likizidi urefu wakati waya wa ndani ni ule ule, sehemu ya nje inapungua, na breki inashika hata hujaigusa. Kwa gari ni vivyo hivyo: mkono wa pampu unabaki umevutwa hata mguu wa dereva uko pembeni. Kinyume chake, waya ukiwa mrefu mno unalegea. Dereva anakanyaga mpaka chini, mkono haufiki mwisho, gari linakosa nguvu mlimani, na watu wanaanza kusema injini imekufa.

Tulichokikuta ni hiki. Waya wa zamani ulikatika, na ukafungwa mwingine katika gereji moja ya mjini. Waya ule ulikuwa wa gari la aina nyingine. Tulipoulaza kwenye gunia sambamba na ule wa zamani, ganda lake lilizidi kwa sentimita 4. Ili uingie, nati za kurekebishia zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho wa uzi, na bado mkono wa pampu ulikuwa haugusi skrubu yake ya chini. Lile ganda lililozidi lilikuwa limepindwa na kupita karibu na bomba la moshi. Joto likayeyusha plastiki ya ndani, na waya ukawa unakwama. Siku nyingine unarudi polepole, siku nyingine haurudi.

Matokeo yake mmeyaona wenyewe. Gari likisimama kupakia linaunguruma kwa resi ya juu, na kwa kuwa betri yetu ni dhaifu, injini huachwa ikiwaka mpaka gunia la mwisho. Dizeli inaungua bure. Mteremkoni ndiko kubaya zaidi. Dereva ameachia mafuta ili injini isaidie kulizuia gari, kumbe waya umekwama na pampu inaendelea kupeleka dizeli. Gari linasukuma, breki zinachemka. Ndugu zangu, huko nyuma juu ya magunia wanapanda mama zetu na watoto wa shule. Hilo si jambo la dizeli tena.

Sasa habari ya dereva. Tuliomba daftari la safari, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Mafuta yalianza kupanda juma lile lile waya ulipobadilishwa, si kabla. Na katika juma hilo dereva ameandika kwa mkono wake: "Resi iko juu, gari linasukuma mteremkoni." Ameandika hivyo mara tatu. Mtu anayeiba mafuta hawaiti watu waje kuangalia pampu. Baada ya kufunga waya unaofaa, gari limekwenda safari 6, njia ile ile, mzigo ule ule, na matumizi yamerudi kama zamani. Dereva ni yule yule. Kwa hiyo tunasema wazi: hatukuona wizi. Waliosema kisimani warudi kisimani wakaseme na hili.

Wengine walitaka pampu ishushwe ipelekwe mjini kufunguliwa. Hiyo ni fedha nyingi ya wakulima. Kabla ya kufika huko, kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Zima injini, toa waya kwenye mkono wa pampu, kisha usukume mkono kwa kidole na uuachie. Ukirudi wenyewe kwa nguvu mpaka kwenye skrubu ya chini, springi ni nzima na kosa liko kwenye waya au pedeli. Usiporudi, hapo ndipo pampu iangaliwe. Wetu ulirudi kwa mlio, "ta!"

Vijana wa karakana, kazi yenyewe ifuateni hivi.

Moja. Gari lisimame tambarare, gea huru, breki ya mkono, mawe kwenye magurudumu. Injini iwe imezimwa na imepoa.

Mbili. Kabla ya kufungua, tazameni njia ya waya na mchore kwenye karatasi: unapita wapi, umeshikwa na klipu ngapi. Lakini kama aliyetangulia alifunga vibaya, msiige kosa lake.

Tatu. Kwenye pampu, legezeni nati mbili zinazoshika ganda kwenye bati lake. Vuteni mkono wa pampu kwa kidole ili waya ulegee, kisha toeni kichwa cha waya kwenye tundu lake. Ndani ya gari, chini ya dashibodi, toeni kichwa kingine juu ya mkono wa pedeli. Fungueni bolti zinazoshika ganda kwenye ukuta wa bati, halafu vuteni waya wote kutokea upande wa injini.

Nne. Pimeni. Laza wa zamani na mpya pamoja. Angalieni mambo matatu: urefu wa ganda, urefu wa waya unaobaki nje, na umbo la vichwa vya pande zote mbili. Kimoja kikikataa, rudisheni dukani. Anayetumwa kununua achukue waya wa zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi na aina ya injini. Kusema "nipe waya wa Land Cruiser" hakutoshi, maana magari hayo yametoka kwa aina nyingi.

Tano. Pitisheni mpya kwa mikunjo mipana. Usiguse bomba la moshi, usikaribie fimbo ya usukani wala mkono wa klachi. Raba ya kwenye tundu la ukuta irudi mahali pake, maana bati kali hukata ganda. Waya mwingi wa sasa una plastiki ndani yake na hauhitaji grisi wala oili, isipokuwa mtengenezaji akisema. Oili huko ndani inashika vumbi la barabara yetu na kuwa kama ugali.

Sita. Rekebisheni. Pedeli ikiwa huru, mkono wa pampu lazima uguse skrubu ya chini, na waya uwe na ulegevu kidogo sana, milimita chache tu. Kisha mmoja akanyage pedeli mpaka mwisho na mwingine aangalie pampuni: mkono uguse skrubu ya juu. Wakati huo huo pedeli iwe imefika kwenye kizuizi chake cha sakafuni, ili nguvu ya mguu ibebwe na sakafu, si waya. Halafu kazeni nati zote mbili. Msiguse skrubu za pampu zilizofungwa kwa lakiri. Hizo ni za fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia.

Saba. Jaribuni mara 10 injini ikiwa imezimwa. Kila mara mkono urudi kwa mlio. Ndipo muwashe, gea huru, mkanyage na kuachia. Kisha tambarare bila mzigo. Mwisho mteremkoni.

Kuunganisha waya uliokatika kwa fundo, au kuweka wa breki ya baiskeli, ni marufuku kwa gari linalobeba watu. Fundo likiingia kwenye ganda wakati umekanyaga, halitoki.

Na kama resi itakwama njiani, kila anayeendesha gari la ushirika ayashike haya. Kanyaga klachi. Injini italia sana, usiogope, pampu ina gavana inayozuia isipite kiasi. Kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie. Usipampu-pampu, kwa sababu msaada wa breki unatokana na injini, nao unaweza kupungua ukikanyaga mara nyingi. Sogea pembeni. Gari letu huzimwa kwa ufunguo, lakini uzungushe hatua moja tu. Ukiufikisha mwisho na kuutoa usukani utafunga, na hapo hata kona ndogo itakushinda.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kikundi cha karakana kinaomba mkutano upitishe mambo manne. Kwanza, waya mmoja wa akiba wa aina sahihi ununuliwe na ukae ghalani. Pili, daftari la safari lisomwe na kamati kila Jumamosi mbele ya dereva, na aliloliandika lijibiwe kwa maandishi. Tatu, gari likitoka gereji yoyote, lisipakie mtu mpaka wawili wetu wamelijaribu. Nne, tuhuma dhidi ya dereva ifutwe katika kumbukumbu za mkutano ule ule ilimoandikwa.

Dereva mwenyewe alikuwepo tuliposema haya. Hakusema neno. Alikwenda akachukua ndoo, akaanza kuosha gari. Kesho yake alfajiri alikuwa barabarani na magunia yenu.

Mwenye swali aje karakana jioni yoyote. Waya ule mbovu tumeutundika mlangoni, kila mtu aushike na auvute mwenyewe, aone unavyokwama.

Kazi njema.

Sisi wa kikundi cha karakana.