Kamati ya Kutetea Haki: Kazi Yake na Faida Yake kwa Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanyakazi, Kotile)



Twawashukuru kwa kutukaribisha hapa Kotile, kando ya Mto Tana. Huenda mtu akauliza: watu wa reli watafuta nini mahali ambapo garimoshi halijafika? Ni kweli. Mwezi wa Machi 2012 wakuu wa nchi tatu walikutana Lamu wakazindua mpango wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli ya kupita pande hizi. Bandari ilianza kazi mwaka wa 2021. Reli bado. Lakini wafanyakazi wapo hapa: wa barabara, wa shule, wa zahanati, vibarua wa mashamba ya mtoni, wachungaji wa mshahara, madereva na mataniboi wao. Palipo na mfanyakazi, chama kina neno la kusema.

Neno tulilotumwa kulisema ni moja tu. Twawaomba muunde hapa kamati ya watu wa kujitolea, ya kutetea haki za binadamu, na kazi yake ya kwanza iwe kuandika.

Kwanza tueleze kwa nini chama cha wafanyakazi kinajitia katika jambo hili. Wako watu wasemao: chama kishughulike na mishahara, haki za binadamu ni mambo ya mawakili. Ndugu, hebu tutazame kitambulisho. Wazee wa reli na wa mashamba walipigana miaka mingi na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza, na mtu mweusi mwanamume alikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Bila sahihi ya bwana wake hakuweza kuacha kazi. Baba zetu walilia kwa sababu ya kulazimishwa karatasi. Katika wilaya hizi za kaskazini mashariki, watoto wetu wamelia kwa sababu ya kunyimwa karatasi.

Kijana asiye na kitambulisho hawezi kuandikishwa katika mfuko wa uzeeni wa N.S.S.F. Hawezi kufungua hesabu ya benki wala kuandikisha laini ya simu kwa jina lake. Tajiri akimwajiri, humlipa apendavyo, kwa kuwa ajua kijana huyo ataogopa kwenda kwa Ofisa wa Kazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Lakini ni nani atakayeandika mkataba na mtu ambaye kwenye karatasi hayupo? Na mmoja akilipwa nusu, siku chache baadaye wenzake wenye vitambulisho wataambiwa nao wapokee nusu. Ndiyo maana jambo hili ni la chama.

Asili ya mambo haya ni ya zamani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya wilaya za mbali tangu mwaka 1902, na nyingine ya wilaya maalum ya mwaka 1934, na kwa sheria hizo mtu alihitaji ruhusa kuingia au kutoka kaskazini. Huku ndiko walikotupwa watu walioisumbua serikali. Makhan Singh, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanyakazi katika Kenya, alikamatwa Mei 1950, akafungiwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, hata akafunguliwa Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi! Twamtaja leo kwa sababu nyingine pia: alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Mwaka wa 1969 alitoa kitabu cha historia ya vyama vyetu mpaka mwaka 1952, na karatasi zake zimewekwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mambo mengi ya wazee wetu twayajua leo kwa kuwa mtu huyo hakuitupa barua.

Baada ya Uhuru mlango wa kaskazini haukufunguka mara moja. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1963 iliendelea katika sheria za mkoa huu hadi mwaka 1991. Katika miaka hiyo yalitendeka mambo mnayoyajua kuliko sisi. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji. Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi hawakurudi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilieleza baadaye kwamba huenda walikaribia 1,000.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye somo. Wagalla ilijulikanaje ulimwenguni? Huko Wajir alikuwako mwanamke wa Kitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Hakuwa na cheo cha serikali wala mshahara mkubwa. Yeye na wenzake waliokota majeruhi na kuzika maiti, na picha pamoja na orodha ya waliokufa zikapelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo aliyetaka kusema jambo lile halikutokea alikutana na karatasi. Yeye mwenyewe aliondolewa Kenya, na mwaka wa 2003 aliuawa huko Borama, Somaliland, akiwa bado katika kazi ile ile ya wagonjwa.

Lakini wa Bulla Karatasi walingoja. Tume ya Ukweli ilianza kusikiliza watu hadharani mjini Garissa mwezi wa Aprili 2011, yaani miaka 30 na zaidi baada ya moto ule. Katika nchi nzima ilipokea taarifa za watu zaidi ya 40,000, na Mei 2013 ikampa Rais ripoti yake. Ni kazi kubwa. Hata hivyo fikirini: kwa miaka 30 ni mashahidi wangapi waliokwisha zikwa? Mtoto aliyepotelewa na baba akiwa na miaka kumi, alifika mbele ya Tume akiwa na mvi. Laiti wangalikuwako watu watano wenye daftari mwaka ule wa 1980, idadi ya waliokufa isingekuwa jambo la kubishaniwa mpaka leo.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Kila stesheni ina daftari la magari. Garimoshi likipita, stesheni masta huandika namba yake, saa na dakika, hata kama hakuna lililotokea. Siku ya ajali ndipo daftari linapoulizwa. Na kama halikuandikwa wakati ule, hakuna atakayeamini maneno ya kukumbuka. Basi kamati ya haki ni daftari la stesheni.

Msidhani kwamba watu wa kujitolea hawawezi kitu. Mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1943 iliundwa kamati ya kuangalia ugomvi na ubaguzi baina ya weupe na weusi, na mpaka leo mji huo una tume ya kazi hiyo. Hapa kwetu, mwaka 1992 Wakenya wachache, wengine wakiwa ng'ambo, waliunda tume ya haki za binadamu isiyo ya serikali, Kenya Human Rights Commission. Wakati ule kusema juu ya mateso ya polisi kulikuwa kutafuta kifungo. Miongoni mwao alikuwako Maina Kiai, ambaye mwaka 2003 aliongoza tume mpya ya taifa ya haki za binadamu, na Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Walianza kwa kukusanya habari na kuzichapa.

Na hapa Garissa kwenyewe mmeona. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Ukame ulipokaza, Wakenya wengi wenye njaa walijiandikisha humo ili wapate posho na matibabu, na watoto wao wakatiwa alama za vidole. Mtoto alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, mashine ilimjibu: wewe ni mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo. Shirika la Haki na Sheria la Garissa liliwaandika mmoja mmoja, likaenda mahakamani, na mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikawapa haki waliolalamika. Februari mwaka ule ule, huko Wajir, Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani kabla ya kupewa kitambulisho.

Tangazo hilo twalifurahia. Lakini tangazo lasomwa Wajir, na kijana wa Kotile yuko mbele ya karani. Karani akimwambia “rudi Jumatatu” mara nane, ni nani atakayejua kwamba ni mara nane?

Basi kamati itafanya kazi hivi. Kwanza, itamsikiliza mlalamikaji bila kumkatiza. Pili, itaandika: jina, tarehe, saa, mahali, ofisi gani, aliambiwa neno gani, nani aliyeona. Yale aliyoyaona kwa macho yaandikwe mbali na yale aliyoyasikia. Kisha asomewe kwa lugha yake, Kisomali au Kiswahili au Kipokomo, atie sahihi au dole gumba. Tatu, nakala tatu: moja ya mwenyewe, moja ya kamati, moja ya kupeleka. Nne, itapeleka. Tano, itafuata, na kila mwezi itamrudishia mlalamikaji habari, hata kama habari ni kwamba hakuna jibu.

Itapeleka wapi? Katiba ya mwaka 2010 imetupa njia. Kifungu cha 47 chasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kamati itaomba hizo sababu. Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa. Ndiyo maana saa ya kukamatwa lazima iandikwe. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenziwe asiyeweza, na kesi ya namna hiyo haitozwi ada ya kufunguliwa. Iko pia tume ya taifa ya haki za binadamu, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili.

Kamati haihukumu, haikamati, haitozi faini. Mtu akija kuwaomba mmfunge jirani yake, mwambieni amekosea nyumba.

Sasa twataka kusema neno zito. Kamati isiandike machozi ya upande mmoja. Desemba 1964 au leo, bunduki yoyote inayoua asiye na silaha ni jambo la kuandikwa. Desemba 2014 wachimba mawe 36 waliuawa karibu na Mandera. Wafanyakazi wenzetu hao, wengi wametoka bara kutafuta mkate. Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Kamati itakayoandika mabaya ya polisi na kunyamaza juu ya hao, itapoteza heshima, na itastahili kuipoteza. Vile vile itakayoandika ya ukoo mmoja na kuacha wa pili, au ya ng'ambo hii ya mto na kuacha ya ng'ambo ile. Mnakumbuka mwaka 2012 huko Tana Delta, Wapokomo na Waorma walivyouana, watu zaidi ya 100 wakafa.

Na yuko wa kutuonyesha njia. Desemba 2015 basi liliposimamishwa karibu na El Wak, wenye bunduki waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Hakuuliza aliyeketi karibu naye ni wa kabila gani.

Mtatuuliza: je, hakuna hatari? Ipo. Watakuja watu na bahasha, wawaambie msahau. Watakuja wengine na vitisho. Kwa hiyo mtu mmoja asishike daftari peke yake. Nakala moja ikae mbali na Kotile, na chama kitaipokea na kuitunza. Mjumbe akipokea hata shilingi moja kwa mlalamikaji, aondolewe siku hiyo hiyo. Mjumbe akitaka kugombea udiwani au ubunge, aage kwanza. Na siri ya mwanamke aliyedhulumiwa isisomwe mkutanoni. Kwa hiyo katika kamati wawepo wanawake, si mmoja wa kupamba meza.

Hatuwaahidi kwamba kila barua itajibiwa. Twajua ofisi zilivyo. Tunachosema ni kwamba aliyeandika ana kitu mkononi mwaka ujao, na asiyeandika huanza upya kila asubuhi.

Bwana Mwenyekiti, tumekuja na madaftari sita, kalamu, na karatasi za kunakili. Twaomba, kabla watu hawajatawanyika kwa swala ya alasiri, wachaguliwe watu saba: wanaume na wanawake, wafugaji na wakulima, mwenyeji na mgeni. Na kama yupo hapa kijana aliyeambiwa arudi Jumatatu, aketi karibu na meza. Tutaanza na yeye.