Mfarishi wa Viraka na Furaha ya Kuushona Nyumbani



Leo twataka kusema nanyi habari za mfarishi wa viraka, na furaha aipatayo mtu aushonaye kwa mkono wake nyumbani mwake. Twajua baadhi yenu mtacheka. Kiraka katika nchi zetu si neno la sifa. Mtoto aendaye shuleni na kiraka nyuma ya suruali hupenda kukaa ameegemea ukuta, na mtu mzima akivaa kanzu ya viraka watu husema dunia imempa kisogo. Lakini viraka hivyo hivyo vikikusanywa mia au mia mbili, vikapangwa kwa akili na kushonwa pamoja, huwa kitu kingine kabisa, na mwenye kitu hicho hana haja ya kuegemea ukuta.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wako watakaopenda kuijaribu. Mfarishi una sehemu tatu. Juu kuna uso, nao ndio viraka vilivyounganishwa. Chini kuna bitana, ambayo aghalabu ni nguo moja pana. Katikati hutandazwa pamba, au blanketi kuukuu, ili kutia joto. Sehemu hizi zikilazwa tu moja juu ya nyingine bila kushikizwa, pamba itakimbilia pembeni na kufanya mabonge kama ugali uliosongwa vibaya. Kwa hiyo hushonwa zote tatu pamoja, eneo lote, kwa mistari iliyokaribiana. Na mshono wake ni ule wa bandi, yaani sindano huingia na kutoka, huingia na kutoka, katika mstari mmoja. Kazi hiyo ndiyo kudarizi mfarishi.

Viraka vyafaa vitoke katika nguo za uzito mmoja, maana kitambaa kizito kikishonwa na chepesi, kile kizito hukivuta chenzake hata kikachanika. Nguo yo yote mpya, na hasa nyekundu, ifuliwe kwanza, ili isije ikatoa rangi na kuharibu kazi ya miezi mitatu. Uzi usizidi urefu wa mkono. Uzi mrefu hujifunga fundo wenyewe, na mshonaji mvivu apendaye kutunga uzi mrefu ili asisumbuke mara kwa mara, hupoteza saa nyingi akifungua mafundo. Tena yafaa kuvaa subana, kile kikofia cha chuma cha kidole cha kati, kwa kuwa kusukuma sindano katika nguo tatu si mchezo.

Watu wengi hudhani furaha ya kazi hii iko katika kuchagua rangi tu. Naam, iko, wala hatuikani. Lakini twaona furaha iliyo kubwa zaidi huja wakati wa kudarizi. Mkono wa kulia wasukuma sindano, na mkono wa kushoto uko chini ya nguo, haounekani, wangojea ncha ifike ili kuirudisha juu. Siku za kwanza mkono huo wa chini huchomwa sana. Baadaye hujua wenyewe, na macho hupata nafasi ya kumtazama mgeni aingiaye, na ulimi hupata nafasi ya kuzungumza. Kazi nyingine za nyumbani humalizika leo na kesho zikaanza upya: sufuria iliyooshwa itachafuka, na uwanja uliofagiwa utajaa majani. Bali mshono ulioshonwa leo utakuwapo kesho, na mstari wa pili utawekwa kando yake.

Mtu atauliza, Kwa nini kujisumbua hivyo, na mablanketi yauzwa dukani? Swali hili ni la haki. Hatusemi blanketi la dukani ni baya. Twataka kuwaonyesha tu kitu ambacho blanketi haliwezi kukifanya, na kwa ajili hiyo tutasimulia habari za kijiji kimoja cha mbali.

Kijiji hicho chaitwa Gee's Bend, nacho ki katika jimbo la Alabama, upande wa kusini wa Marekani. Mto Alabama wakizunguka pande tatu, kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Mwaka wa 1816 Mzungu mmoja, Joseph Gee, alianza shamba la pamba hapo, na mwaka wa 1845 shamba likaingia mikononi mwa Mark Pettway, aliyewaleta watumwa wapatao mia moja kutoka North Carolina, nao wakaja kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865 wengi wao walibaki pale pale, wakilima pamba katika ardhi isiyokuwa yao, na jina la bwana wao wakabaki nalo. Hata leo wenye jina la Pettway ni wengi kijijini.

Hapa yafaa tukumbushane jambo. Nguo ile ngumu isiyopaushwa, waliyoivaa wazee wetu na kuiita merikani, ililetwa Unguja kwa merikebu kutoka Massachusetts tangu miaka ya 1830, na viwanda vya huko vilifuma pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Basi watu wa bara letu walivaa jasho la watu wa namna ile pasipo kujua, na huenda waliokuwa wakilima hawakujua pia pamba yao yakwenda wapi.

Katika Gee's Bend nyumba zilikuwa za magogo na mbao, zenye nyufa, na majira ya baridi huko ni makali kuliko yetu. Wanawake wakashona mifarishi ili watoto wasigandishwe usiku, na kitanda kimoja kilihitaji mifarishi mingi. Nguo mpya hawakuwa nayo. Walitwaa suruali za kazi, mashati, mifuko ya unga, na magauni yaliyokwisha. Pamba ya katikati ilikuwa mabaki, nayo walipiga kwa fimbo hata ikalainika. Mwanamke alipanga viraka peke yake, kwa shauri lake mwenyewe. Lakini wakati wa kudarizi jirani walikuja, wakakaa kukizunguka kiunzi cha mbao, wakashona na kuimba nyimbo za kanisani.

Mifarishi iliyotoka katika nguo za kazi ina jambo ambalo fundi wa mjini hangelifikiri. Suruali hupauka kwa jua na kufuliwa, lakini pale palipokuwa na mfuko rangi haipauki. Mfuko ukifumuliwa, kivuli chake hubaki katika kitambaa, cheusi zaidi, na kwenye goti hubaki alama ya mtu aliyepiga magoti shambani. Mshonaji hakuificha alama hiyo. Aliiweka katikati ya kazi yake.

Mwaka wa 1932 watu hao walipatwa na msiba. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha mbegu na chakula alikuwa amekufa, na mjane wake akadai madeni yote kwa mara moja. Watu wakatumwa kijijini, wakachukua nyumbu na ng'ombe, majembe, magari, na mahindi yaliyokuwa ghalani, hata jamaa nyingi zikabaki karibu na kufa kwa njaa, mpaka Msalaba Mwekundu ukawaletea chakula. Mwaka wa 1937 mpiga picha wa Serikali, Arthur Rothstein, alifika kijijini, na katika picha zake yumo mwanamke akishona mfarishi na wasichana karibu naye. Twaona ajabu jambo hili: watu waliopokonywa hata jembe walikuwa bado wakichagua kiraka kipi kikae kando ya kipi. Baadaye Serikali ya Marekani iliinunua ardhi ile, ikajenga nyumba, na katika miaka ya 1940 jamaa nyingi zikanunua mashamba yao wenyewe.

Mwaka wa 1942 alikuwako huko mwanamke aitwaye Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe. Alizitwaa nguo za kazi za marehemu, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie, wakazikata na kuzishona mfarishi mmoja, ili mama apate kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Binti ndiye aliyeyasimulia hayo alipokuwa mzee. Hilo ndilo tulilotaka kuwaonyesha. Duka liwe kubwa namna gani, hakuna blanketi linaloweza kununuliwa humo likafanya kazi ile.

Msidhani kwamba mifarishi hiyo iliheshimiwa sana siku zile. Iliyochakaa ilichomwa uani ili moshi wake ufukuze mbu. Tena mambo ya nchi hayakuwa ya raha. Mwaka wa 1962, watu weusi walipoanza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, kivuko kiliondolewa, na safari ya dakika chache ikawa mwendo wa saa nzima kwa gari. Kivuko hakikurudi mpaka mwaka wa 2006. Martin Luther King alikwenda kuwatia moyo mwaka wa 1965, na baadhi ya waliojiandikisha walifukuzwa katika nyumba na mashamba waliyokodi.

Hapo mfarishi ukafanya kazi mpya. Kasisi mmoja, Francis X. Walter, alipopita katika sehemu hizo aliona mifarishi imeanikwa kambani, akasimama. Mwaka wa 1966 wanawake wa sehemu hiyo wakaunda chama chao cha ushirika, kilichoitwa Freedom Quilting Bee, na mifarishi yao ikauzwa kwa mnada New York. Wanawake wengi walipata hapo fedha za kwanza maishani mwao zisizotoka katika pamba ya mtu mwingine.

Lakini fedha zilikuja na masharti, nasi twaona ni haki kuyataja. Maduka makubwa yalitaka kila mfarishi ufanane na mwenzake kama matofali ya tanuri moja, kipimo kile kile, mshono ule ule. Wako walioweza, na wako waliochoka wakarudi nyumbani. Mwaka wa 1972 chama kilipata kazi ya kampuni ya Sears, ya kushona foronya za mito kwa kodrai, kile kitambaa kizito chenye mifuo. Vipande vilivyobaki vilichukuliwa nyumbani, rangi ya dhahabu, kijani cha majani makavu, nyekundu ya kutu. Kodrai ni ngumu, haikubali kukatwakatwa vipande vidogo. Kwa hiyo wakashona vipande vipana kwa mpango wao wenyewe, wala hakuna msimamizi aliyekuja kupima. Foronya zile leo hazijulikani ziliko. Mifarishi ya mabaki imo katika vitabu.

Maana mwaka wa 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha ikapelekwa New York, na watu wenye elimu ya picha wakasimama mbele yake kimya. Mwaka wa 2006 Posta ya Marekani ilitoa stampu kumi zenye sura za mifarishi hiyo. Sisi twafurahi kwa heshima hiyo, ila twaona haya kidogo kwamba macho ya wakubwa yalichelewa hivyo, na wengi wa washonaji walikuwa wamekwisha zikwa.

Katika Gee's Bend mtindo mmoja upendwao sana huitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kiraka kimoja katikati, akakizungushia mikanda ya nguo, mkanda baada ya mkanda, mpaka ufike upana wa kitanda. Twautaja kwa sababu wako washonaji wengine wanaokwenda kinyume chake kabisa, nao wana udugu na bara letu la Afrika ya Mashariki.

Hao ni Wasidi wa Karnataka, katika India. Ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari katika karne zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa, na wengi wakipitia Goa, bandari ya Wareno. Wakatoroka, wakajificha katika misitu ya milimani. Leo wamo kati yao Wahindu, Waislamu na Wakristo, na lugha zao ni za huko. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawatumii kiunzi. Mwanamke hukaa chini na kutandika bitana mapajani, aghalabu sari kuukuu, akaanza pembeni. Hukunja ukingo wa kiraka, akakishona juu ya bitana kwa bandi, akaweka cha pili kando yake, akazunguka nguo yote. Kisha huingia ndani mzunguko wa pili, na wa tatu, kila mara duara likipungua. Kuunganisha viraka na kudarizi kwao ni kazi moja. Rangi huchaguliwa papo hapo, na kawandi ya mtoto mchanga hutiwa rangi nyingi za kung'aa.

Kwenye pembe nne hushonwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa mara nyingi, viitwavyo phula, maana yake ua. Kawandi isiyokuwa nayo husemwa kwamba iko uchi. Na mshonaji akifika katikati kabisa, na tundu moja tu limebaki la kuzibwa, pengine hutia humo punje chache za mchele, ili tumbo la kawandi lisikae tupu. Kisha hukishona kiraka cha mwisho na kukata uzi.